Mwaka Nilipompima Balozi

Bi Mwavita alifariki masika haya akiwa amevuka miaka tisini, na mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, au ndivyo alivyodai. Bintiye Zaituni alinipigia simu asubuhi. Nikafunga duka langu la ushonaji hapa Mwandiga, nikawaambia wateja wenye haraka wakatafute mafundi wenye haraka, nikaenda Ujiji kukaa matanga. Nilikaa mkekani na wanawake wa mtaa, rozari yangu mfukoni, nikamenya vitunguu, nikachambua mchele, nikalia nilipotaka kulia. Siku ya pili, ubwabwa unapakuliwa, Zaituni akaanza kuwasimulia wasichana wa pale habari za mwaka ule wakimbizi tulipoingia Ujiji, na jinsi mimi, mama huyu mnayemwona ametulia na kisu chake, nilivyotaka kumzika balozi wa nyumba kumi akiwa hai. Walicheka mpaka wakajiziba midomo kwa kanga, maana ni msiba. Nami nilicheka. Lakini Zaituni anaisimulia vibaya. Anasema balozi alizirai, wakati alikimbia, tena kwa kasi nzuri kwa mtu wa umri wake. Anasema tulikuwa njiani, wakati tulikuwa barazani. Kila mwaka anaongeza kitu. Aliyeshika kamba ni mimi, na mtu aliyejua yote ya siku ile ametangulia, kwa hiyo nitaisema mwenyewe ilivyokuwa. Mwaka ule ndio ulionifanya fundi.

Habari za kwetu Burundi nimeziweka mahali pake na sitazirudia hapa. Inatosha kusema kwamba nilishuka kwenye mtumbwi nikiwa na miaka kumi na mitano, peke yangu, na gauni moja. Gauni lenyewe lilikuwa limepasuka ubavuni njiani, nami nilikuwa nimelitia kiraka kwa sindano niliyoichomeka ndani ya pindo, kwa sababu shangazi yangu alinifundisha kwamba mwanamke hatoki nyumbani bila sindano. Wanawake wa Ujiji walikuja ufukweni na masufuria ya chakula, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyopikwa kwa mawese. Mmoja wao, mama mnene mwenye futi ya kupimia imening'inia shingoni, badala ya kunipa sahani alinishika bega akanigeuza. Akalikunja gauni langu ubavuni, akakitazama kiraka kwa upande wa ndani. Akauliza kitu. Kiswahili changu siku zile kilikuwa cha kuokoteza, lakini swali la nani kashona halihitaji lugha, nikajigusa kifua. Akamwita bintiye, rika langu, akamwonyesha kiraka na kusema maneno ambayo Zaituni mwenyewe alinifasiria baadaye kwa Kiha cha sokoni, ambacho na Kirundi chetu ni ndugu: kwamba mwenzako huyu mishono yake ni midogo kuliko yako, na yeye ametoka vitani. Zaituni alininunia miezi miwili. Mimi nilikula, nikamaliza, nikamfuata yule mama mpaka kwake. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na nilitaka sana.

Chumba cha kazi kilikuwa cha mbele, sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, dirisha moja lenye nondo, na harufu ya mafuta ya mashine iliyochanganyika na moshi wa dagaa kutoka uani. Mafundi wa Ujiji wakati ule walikuwa wanaume, wamepanga vyerehani vyao barazani na soga zao. Wanawake walishona ndani, kofia na vitambaa vya meza. Bi Mwavita alikuwa mjane, na cherehani ya miguu aliyoachiwa na mumewe aliiweka kizingitini hasa, kanyagio ndani, gurudumu likichungulia nje, ili asiwepo mtu wa kusema amekaa barazani na wanaume, wala wa kusema kwamba haonekani. Wateja walikuja wote, wanawake kwa wanaume. Wanawake aliwapima kwa futi. Wanaume aliwaambia walete nguo kuukuu inayowakaa vizuri, akaipima hiyo, na asiye na nguo kuukuu alipimwa na mkewe huku Bi Mwavita akielekeza kutoka upande wa pili wa pazia. Mimi nililala chumba hichohicho, chini ya meza ya kukatia, juu ya gunia la vipande. Nimelala vitanda vingi vizuri tangu hapo na sikumbuki hata kimoja kwa furaha kama lile gunia.

Alinipa kazi kwa mpango. Kwanza kufumua, wiki tatu nzima, nguo za watu za kurekebishwa, mpaka nikaweza kufumua gauni zima bila kuacha alama kwenye kitambaa. Halafu vifungo. Halafu pindo. Vitu vitatu alinikataza kugusa: cherehani, mkasi na futi. Cherehani kwa sababu ilikuwa ndiyo chakula chetu, mkasi kwa sababu mshono unafumuliwa lakini mkato haufumuliwi, na futi kwa sababu kupima mtu, alisema, ni kazi ya mwisho kujifunza. Nilidhani anaringa. Sasa nina wanafunzi wangu mwenyewe na ninawaambia maneno hayohayo, nao wananitazama kwa macho niliyomtazama nayo mimi. Jioni, kazi ikiisha, aliniruhusu kukanyaga cherehani bila uzi, kipande cha gazeti chini ya sindano, nitoboe mistari iliyonyooka. Sijui niieleze vipi furaha ile. Sindano inashuka na kupanda, karatasi inakwenda mbele yenyewe, mguu na mkono vinapatana bila kuulizana, na mbele yako kunabaki mstari ambao haukuwapo. Katika mwaka ambao nilikuwa nimepoteza karibu kila kitu, nilikuwa na furaha kila jioni kwa muda wa nusu saa, na sikuona aibu. Watu huniuliza kama sijachoka na kazi hii. Nimeshona sare za shule, magauni ya ubatizo, suti za mabwana harusi waliokuja na vipimo vya uongo, na kila nikikaa kwenye cherehani tumbo langu hufurahi vilevile. Sijachoka.

Kitu kimoja tu kiliniondolea raha, nacho nilikisikia jikoni. Jiko la Bi Mwavita lilikuwa uani, kuta za fito, na jirani naye jiko lake liliegemea fito zilezile, kwa hiyo ukikaa kuchambua dagaa unapata habari za mji mzima bila kuinua kichwa. Nilisikia kwamba serikali imetenga makazi mapya ya wakimbizi, mbali huko bara, ardhi nzuri yenye rutuba, na kwamba malori yatakuja kutuchukua. Walisema atakayebaki mjini ni yule mwenye mwenyeji wa kumsemea na kazi inayojulikana, na kwamba majina yataandikwa na mabalozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa Mzee Sadiki, mfanyabiashara wa dagaa pale Katonga, mwembamba, mrefu mpaka akiingia kwetu anainama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa daftari. Kilichoandikwa ndicho kilichopo. Wenzangu waliokwenda huko bara wengi walifanikiwa kilimo, nami sisemi kwamba palikuwa pabaya. Nasema mimi sikutaka jembe. Nilitaka ile cherehani ya kizingitini, na huko porini hakukuwa na Bi Mwavita. Nilimuuliza kama atanisemea. Akasema atanisemea kwa kadiri ya kazi yangu, kwa sababu balozi haandiki huruma daftarini.

Ramadhani ikaingia, na kwa fundi wa Ujiji Ramadhani ni mwezi wa kutolala, maana kila mtu anataka nguo ya Idi. Bi Mwavita alinibakizia chakula cha mchana kwenye bakuli lililofunikwa, akisema mimi sikufungishwa na mtu. Nilikila siku tatu, nyuma ya jiko, nikitafuna polepole ili nisisikike. Siku ya nne nikakiacha nikasubiri nao jua lizame, si kwa dini bali kwa sababu chakula cha peke yako hakina ladha, halafu magimbi yale ya futari na uji wa pilipili manga yalikuwa matamu zaidi.  Kesho yake Bi Mwavita aliniongezea kikombe mkekani. Zaituni naye aliacha kuninunia mwezi huo, akaanza kunifundisha Kiswahili cha kujibu, kwa sababu alisema nilichonacho ni cha kuombea maji tu.

Siku yenyewe Bi Mwavita alikwenda Kigoma mjini kununua nyuzi, futi ikiwa shingoni mwake kama kawaida, na Zaituni alikuwa sokoni. Nilikuwa barazani napinda kanzu ya mtu. Saa tisa, jua kali, akaja Mzee Sadiki kwa miguu kutoka Katonga, yadi zake za kitambaa cheupe cha kanzu begani, midomo imekauka kwa swaumu. Sasa nitasema ukweli wangu. Nilikuwa nimekatazwa kupima, na nilijua. Lakini mbele yangu alisimama mwenye daftari, na mimi niliona nafasi ya kuonekana fundi. Futi haikuwapo. Shangazi yangu kule nyumbani hakuwa nayo pia, alipima watoto kwa kamba ya mgomba: anamlaza mtoto mkekani, ananyoosha kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, anafunga fundo, kisha bega hadi bega, fundo jingine, na nguo inakaa. Mtu mzima sikuwahi kupima. Nikafikiri: mwanamume huyu siwezi kumzungushia mikono kiunoni, kwetu ni utovu wa adabu na hapa ni dhambi. Akilala, sitamgusa hata kidogo. Niliona nimepata njia ya heshima kuliko hata ya Bi Mwavita.

Nikamwamkia shikamoo, nikatandika mkeka mpya kivulini, nikamwambia, "Lala hapa, mzee." Yeye, mchovu na mwenye njaa, alidhani namkaribisha apumzike. Alisema mtoto huyu amelelewa. Akajinyoosha chali, miguu pamoja, akaweka kofia yake kifuani, akafumba macho. Nikaenda kukata kamba kwenye mgomba wa uani, nikarudi, nikatandaza kitambaa chake cheupe kando yake kwa urefu, nione kama kinamtosha. Kilimtosha vizuri. Nikapiga magoti, nikanyoosha kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, nikafunga fundo. Nikapima mabega, nikafunga la pili. Nilikuwa narudia kipimo cha urefu kwa uhakika, maana pima mara mbili, kata mara moja, pale alipofumbua macho. Aliiona kamba imepita juu ya uso wake imekazwa. Akageuza shingo, akaiona ile nguo nyeupe imelala naye sambamba. Akatamka shahada, yote, kwa sauti ya chini iliyonyooka. Kisha akaondoka. Aliacha kitambaa, kofia, na kiatu kimoja cha ngozi kikiwa kimesimama wima kwenye ngazi.

Bi Mwavita aliporudi nilimpokea kwa fahari, nikamwonyesha kamba yangu yenye mafundo, nikamweleza kwamba balozi nimeshampima, ila aliondoka kwa haraka kidogo. Akakaa kizingitini. Akaniuliza nilimpimaje, nami nikataka kumlaza Zaituni, aliyekuwa amerudi na kapu, nimwonyeshe. Zaituni alikataa kulala na kuniambia kwa Kiha, bila kunikopesha hata neno la kupunguza makali, kwamba hapa anayelazwa chali na kupimwa kwa kamba kutoka kichwani hadi miguuni ni mtu mmoja tu, maiti, ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi, na kile kitambaa cheupe kando yake ndiyo sanda. Sikuwa najua. Kwetu mwaka ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupima maiti. Bi Mwavita alijifunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kumtikisika, nami nikapiga magoti nikidhani ninamliza. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba msamaha kwa Mungu kwa kucheka vile mfungo ukiwa kati, akacheka tena. Halafu akakumbuka daftari na kicheko kikakatika.

Kesho yake Mzee Sadiki akapata homa. Homa ya Ujiji wakati wa mvua kila mtu anaipata, lakini hii ilikuwa na sababu inayojulikana, na sababu ilikuwa mimi. Kupitia fito za jiko nilisikia kwamba mkimbizi wa Mwavita ana mkono mbaya, kwamba wametoka kwenye vifo na wamekuja navyo, kwamba sasa nani atavaa nguo ya Idi iliyopindwa na mkono ule. Maneno yale yaliniuma na nasema yaliniuma, sitajifanya mtu mkubwa. Wateja wakaanza kutuma watoto kuchukua vitambaa vyao. Usiku nilisali rozari kumwombea balozi. Sijawahi kumwombea mtu kwa bidii vile, tena kwa maslahi yangu. Siku ya tatu nilimwambia Bi Mwavita kwamba afadhali niende mwenyewe nikaandikwe lori, asipoteze Idi yake kwa ajili yangu. Alikuwa anapiga pasi. Alisema nisimsemee, na kwamba pasi ya mkaa ikipoa ni kazi kuiwasha tena, niende nikapepee moto.

Siku ya nne, baada ya alasiri, wakaja wanawake watano kwa pamoja, wakubwa wa mtaa, kuchukua vitambaa vyao kwa mkupuo. Waliingia uani wakasimama, wakiangalia kila kitu isipokuwa mimi. Bi Mwavita aliwakaribisha, akawauliza habari za swaumu, akatandika mkeka katikati ya uwanja. Akavua futi shingoni akaining'iniza msumarini. Akalala chali mkekani, yule mama mnene, akavuta kanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaniita nilete kamba. Nilisema hapana. Mmoja wa wanawake akasema astaghfirullah, Mwavita, mchezo gani huu mwezi kama huu.

"Kama kamba inaua," akasema Bi Mwavita akitazama juu, "ianze na mimi niliyemleta. Pima, Konsolata."

Nikapima. Fundo la kwanza lilifunguka nikalifunga upya. Utosini hadi kisiginoni. Bega hadi bega. Kifua kwa upande wa mbele. Nilimwona akimeza mate, na pale nikajua kwamba na yeye anaogopa, kwamba amekulia katika mambo haya na hayaoni kuwa upuuzi, na kwamba amelala hivyohivyo. Sijapendwa na mtu kama nilivyopendwa dakika ile, na nilikuwa na mama aliyenipenda. Nilipomaliza akajiinua kwa kiwiko, akawaambia wenzake kwamba bado ana njaa, bado mgongo unamuuma, na futari ataila kama jana. Mmoja akacheka. Watatu walichukua vitambaa vyao wakaenda. Wawili waliviacha, na mmoja wa hao wawili alisema kwa ukali kwamba anataka gauni lake kabla ya Idi na mikono iwe mirefu.

Jioni hiyo Bi Mwavita akaniambia kwamba kamba imefungwa mafundo, sasa nimshonee gauni. Mkasi akanipa mwenyewe. Alitoa kitambaa chake kizuri cha maua ya zambarau alichokuwa amekitunza, nami nikakikata nikiwa nimezuia pumzi, nikakaa kwenye cherehani, safari hii na uzi, nikashona siku mbili. Lilikuwa gauni baya. Mishono ilikuwa mizuri, hilo sitamruhusu hata Zaituni kulikana, lakini alipolivaa lilifagia sakafu vidole vinne, na kifuani lilimbana mpaka hakuweza kunyanyua mkono kuning'iniza taa. Nililia. Nilisema kumbe wanasema kweli, mkono wangu ni mbaya. Hapo ndipo alipokasirika, mara ya kwanza na ya pekee mwaka ule. Akanisimamisha mbele yake, akachukua futi msumarini, akaniambia niangalie. Mtu akilala, alisema, mgongo unanyooka na urefu unaongezeka, na nyama za kifua zinatawanyika. Kwa hiyo kamba yangu haikukosea, ilipima sawasawa mtu aliyelala. Akanizungushia futi kifuani akaniambia nivute pumzi. Nilipovuta, futi ikasogea. Akanionyesha iliposogea.

"Maiti hupimwa alivyo," akasema. "Aliye hai mpime na pumzi yake, umwongeze vidole viwili. Hiyo ndiyo tofauti yote, na sasa unaijua."

Nikafumua gauni lote, maana kufumua nilikuwa fundi tangu zamani. Nikampima upya amesimama, anapumua, anazungumza, ananihimiza niende haraka futari inapoa. Nikapunguza chini, nikatia vipande vya ubavuni kutoka kwenye masalio, na vipande vile nilivipanga maua kwa maua hata ukikaribia huoni palipoungwa. Siku ya Idi alilivaa. Alikwenda kwenye swala, akarudi kwa njia ndefu, akapita mitaa ambayo hakuwa na shughuli nayo, akasalimia watu ambao kwa kawaida hakuwasalimia, mzima, mnene, kifua mbele, na kila aliyemsifia gauni aliambiwa limeshonwa na nani na limepimwa vipi. Mzee Sadiki naye homa ilikuwa imemwacha. Aliletewa kiatu chake na kofia yake na Zaituni, pamoja na sahani ya ubwabwa. Sahani ilirudi imeoshwa.

Siku ya tatu baada ya Idi alikuja mwenyewe. Nilimwona tangu mbali, daftari kwapani, akitembea katikati ya njia kama anayekwepa vivuli. Malori, tulikuwa tumesikia, yangekuja Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumatano. Bi Mwavita akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Mzee Sadiki akaamkiwa, akainama akaingia, akauliza kama kuna kiti. Mkeka ulikuwapo, karibu naye zaidi. Alingoja kiti. Alipokaa akalifungua daftari gotini, akasema anapitia nyumba zake zote kuandika wageni, ni kazi aliyopewa. Akauliza jina langu. Bi Mwavita akalitaja, naye akaliandika polepole, midomo ikitembea na herufi. Kisha akauliza kazi yake huyu ni nini, na swali alimuuliza Bi Mwavita, hakuniangalia.

Bi Mwavita alikuwa na jibu. Alikuwa amelifanyia mazoezi jikoni wiki nzima, nilimsikia kupitia fito zilezile, maneno mazuri kuhusu msaidizi wa nyumbani na yatima na thawabu. Lakini hakulitumia. Aligeuka akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama, mpaka nikaelewa kwamba jibu si lake.

"Fundi," nikasema.

Mzee Sadiki akainua kichwa. Tulitazamana kwa mara ya kwanza tangu aliponitazama kutoka chini. Kalamu haikuandika. Akaniuliza, taratibu, kanzu yake inachukua siku ngapi. Kilikuwa kitambaa chake kilekile cheupe, kimekunjwa kwenye rafu nyuma yangu, hakuna aliyethubutu kukigusa. Chini ya meza mguu wa Bi Mwavita ukaukanyaga wangu kwa nguvu zote, na nilijua anataka niseme wiki mbili, wiki tatu, siku zozote zinazopita Jumamosi. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Lakini mimi sijawahi kuweza kusema uongo kuhusu kazi, hata leo ni ugonjwa wangu.

"Mbili, mzee."

Alisema wale mafundi wa barazani wamemwambia mwezi. Nikasema mbili, na pindo kwa mkono. Bi Mwavita alifumba macho. Mzee Sadiki akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba ana watoto wa kiume wanne na wajukuu wasiojulikana idadi, na fundi wa siku mbili hajapata kumwona, na asiyejua thamani ya kitu hukipakia kwenye lori. Akainama kwenye daftari. Nilifuata midomo yake ikilitaja neno fundi, herufi moja moja, mpaka ya mwisho.

Akafunga daftari akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono kama mabawa, macho yakiwa mlangoni. Akasema mkewe hayupo, na umri wangu ni wa mjukuu wake, na kwamba safari hii atasimama. Bi Mwavita akanipa futi. Nikapanda juu ya kigoda nikampima mabega kwa mbali, kisha kifua, juu ya shati, bila kumgusa. Kilikuwa chembamba hata kwa mtu mwembamba kama yeye, nami nikashangaa, mpaka nikaona kwamba amezuia pumzi.

"Pumua, mzee," nikamwambia.

Akapumua, nami nikaongeza vidole viwili.